Risasi za kuwindia ndani ya ndege: Kwa nini ruhusa ya shirika la ndege haimfikishi msafiri Juba

Mtu anayetaka kusafiri kwa ndege akiwa na risasi za kuwindia kwa kawaida huanza na swali moja: shirika la ndege linaruhusu uzito gani? Jibu lake ni jepesi, tena halitofautiani sana kati ya shirika moja na jingine. Ni kilo 5 kwa kila abiria.

Hata hivyo, jibu hilo linahusu usalama wa ndege tu. Halisemi lolote juu ya sheria za nchi ambako ndege inaondoka, inakopitia wala inakotua. Na kwa msafiri ambaye tiketi yake inaishia Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, sheria inayotangulia nyingine zote iliandikwa New York, tarehe 13 Julai 2018, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Sheria hiyo haitaji kilo 5. Haitaji hata risasi 5.

Makala haya yanaeleza vibali vinavyohitajika kuvusha risasi za kuwindia kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ndege, namna vinavyotegemeana, na sababu inayofanya mlolongo huo ukatike kabla ya kufika Juba. Yanaeleza pia hatari inayowahusu hata watu ambao hawajawahi kuwinda maishani mwao: risasi iliyosahaulika ndani ya begi.

Kilo 5 zinamaanisha nini?

Kanuni za kusafirisha vitu vya hatari kwa ndege hutokana na Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Mashirika ya ndege huzifuata kupitia mwongozo unaochapishwa kila mwaka na jumuiya yao, IATA.

Katika kanuni hizo, risasi huhesabiwa kuwa vilipuzi. Abiria haruhusiwi kubeba kilipuzi, lakini risasi ndogo za bunduki zimewekwa katika kundi la chini kabisa la hatari, linaloitwa 1.4S. Sababu yake ni ya kisayansi. Risasi ikiwa ndani ya bunduki, mtutu huibana nguvu ya baruti na kuielekeza mbele. Risasi hiyo hiyo ikishika moto ikiwa ndani ya boksi lake, ganda hupasuka, na madhara yake huishia karibu na boksi hilo. Kwa hiyo kiasi kidogo, kikifungashwa vizuri, hakihatarishi ndege.

Ruhusa hiyo ina masharti. Risasi ziwe za matumizi ya abiria mwenyewe. Ziwekwe katika mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege. Kamwe zisiwe katika begi la mkononi wala mfukoni. Ziwe ndani ya boksi imara linalozizuia kugongana. Uzito wake, pamoja na boksi, usizidi kilo 5 kwa kila abiria, na abiria wawili hawaruhusiwi kuunganisha viwango vyao katika furushi moja la kilo 10. Risasi zenye kichwa cha kulipuka au cha kuwasha moto hazikubaliwi kabisa, na vivyo hivyo baruti isiyo ndani ya risasi pamoja na fataki za kuwashia.

Kilo 5 si nyingi kama zinavyosikika. Risasi ya bunduki ya kawaida ya kuwindia swala ina uzito wa gramu 25 hivi, kwa hiyo kiwango hicho hakifiki risasi 200 ukijumlisha boksi. Risasi za kuwindia nyati huzidi gramu 40 kila moja. Kwa mwenye bunduki ya marisau, ni takriban maboksi manne ya risasi 25.

Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: shirika la ndege lazima likubali kwanza. Kilo 5 ni kikomo ambacho shirika linaweza kuruhusu. Hakuna kanuni inayolilazimisha kuruhusu. Yako mashirika yanayotaka kuarifiwa siku kadhaa kabla ya safari, mengine hutoza ada, na mengine hayapokei risasi za abiria hata moja. Safari ikiwa na ndege za mashirika mawili, idhini ya shirika la kwanza haimfungi la pili.

Vibali hutafutwa kuanzia mwisho wa safari

Baada ya ndege huja sheria za nchi, na hapa ndipo wengi huanza upande usiofaa. Mtu huenda kwanza polisi katika nchi yake, akapata karatasi ya kutoa risasi nje, kisha akadhani kazi imekwisha. Utaratibu wa kimataifa unakwenda kinyume na hivyo.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa tarehe 31 Mei 2001 na kuanza kutumika mwaka 2005, inaeleza mpangilio huo waziwazi. Kabla nchi haijatoa kibali cha kusafirisha silaha au risasi nje, inapaswa kujiridhisha kwamba nchi inayopokea imekubali kuzipokea, na kwamba nchi zitakazopitiwa zimearifu kwa maandishi kuwa hazina pingamizi. Kwa maneno mengine, ruhusa ya kwanza ni ya mwisho wa safari, ya pili ni ya njiani, na ya tatu ndiyo ya nyumbani.

Itifaki hiyo inawatambua wawindaji. Inaziruhusu nchi kuweka utaratibu mwepesi kwa watu wanaoingiza au kutoa silaha kwa muda, kwa sababu halali zinazoweza kuthibitishwa, kama vile uwindaji na mashindano ya kulenga shabaha. Ndiyo maana ndani ya Umoja wa Ulaya mwindaji huweza kupata pasi maalumu ya silaha inayotambuliwa katika nchi nyingine wanachama. Wepesi huo ni wa karatasi tu. Mwindaji bado anapaswa kuwa na ruhusa.

Afrika Mashariki haina pasi ya namna hiyo. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ethiopia ilitunga yake mwaka 2020. Sudan Kusini nayo ina Sheria ya Silaha ya mwaka 2016. Kila moja ina mamlaka yake na fomu zake. Kibali cha nchi moja ni taarifa tu mbele ya ofisa wa nchi nyingine.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba leseni ya kuwinda na kibali cha risasi ni karatasi mbili tofauti. Ya kwanza hutolewa na mamlaka ya wanyamapori, nayo inasema mnyama gani anaweza kuwindwa, wapi na lini. Ya pili hutolewa na mamlaka ya silaha, ambayo mara nyingi iko chini ya polisi au wizara ya mambo ya ndani, nayo hutaja mwenye silaha, bunduki yenyewe, aina ya risasi na idadi yake. Aliye na ya kwanza bila ya pili ana haki ya kumwinda mnyama, lakini hana haki ya kushika risasi ya kumwindia.

Mlango uliofungwa tangu 2018

Kwa anayekwenda Juba, hatua ya kwanza ya mlolongo huo, yaani idhini ya nchi inayopokea, ndiyo inayogonga mwamba.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Vita vilizuka Juba mwezi Desemba 2013, vikatulia, kisha vikalipuka tena mjini humo mwezi Julai 2016. Umoja wa Ulaya ulikuwa na vikwazo vya silaha dhidi ya nchi hiyo tangu mwaka 2011, na Marekani ikaweka vyake mwezi Februari 2018. Tarehe 13 Julai mwaka huo, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2428. Nchi 9 ziliunga mkono, ambayo ndiyo idadi ndogo kabisa inayohitajika, na nchi 6, zikiwemo Ethiopia, Urusi na China, hazikupiga kura upande wowote.

Azimio hilo linazitaka nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa kuzuia silaha na vifaa vinavyohusiana navyo, zikitajwa waziwazi risasi, visifike Sudan Kusini. Katazo linahusu kuuza, kugawa au kuhamisha, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Linahusu vitu vinavyotoka katika ardhi ya nchi mwanachama, vinavyopita katika ardhi hiyo, vinavyopelekwa na raia wake, na vinavyobebwa na ndege zilizosajiliwa kwake. Nchi, hasa zile jirani, zimetakiwa pia kukagua shehena zinazokwenda Sudan Kusini katika viwanja vyao vya ndege na bandari pale panapokuwa na sababu za msingi za kushuku, na zimepewa mamlaka ya kukamata na kuharibu vitakavyopatikana.

Vikwazo hivyo vimekuwa vikiongezwa kila mwaka. Azimio namba 2779 la mwezi Mei 2025 liliviongeza hadi tarehe 31 Mei 2026. Serikali ya Sudan Kusini imevipinga mara kwa mara, ikisema vinachelewesha kuundwa kwa jeshi la pamoja linalotakiwa na mkataba wa amani wa mwaka 2018. Wanaoviunga mkono wanasema kila risasi isiyoingia ni maisha yanayookolewa. Mjadala huo unaendelea, lakini kwa abiria aliye mbele ya kaunta, kanuni inayotumika ni ile iliyopo.

Je, hakuna msamaha kwa mwindaji?

Azimio limeorodhesha misamaha, na kuisoma orodha hiyo kunafundisha mengi. Limesamehe vifaa vya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Limesamehe vifaa visivyoua vilivyokusudiwa kazi za kibinadamu au za ulinzi tu, kwa kuiarifu mapema Kamati ya Vikwazo. Limesamehe fulana za kuzuia risasi na kofia za chuma zinazoingizwa kwa muda na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, waandishi wa habari na watoa misaada, kwa matumizi yao binafsi.

Msomaji atazame kifungu hicho cha mwisho kwa makini. Hata fulana inayomkinga mwandishi dhidi ya risasi ilihitaji kutajwa kwa jina ndipo iruhusiwe kuingia Juba. Boksi la risasi za kuwindia halikutajwa popote.

Umebaki mlango mmoja mwembamba: vitu vingine vinaweza kuruhusiwa iwapo Kamati ya Vikwazo, iliyoundwa chini ya azimio namba 2206 la mwaka 2015, itatoa idhini kabla. Mlango huo ni wa serikali na mashirika ya kimataifa. Si dirisha ambalo mtalii au mfanyabiashara anaweza kulifikia akiwa na barua yake ya maombi.

Kwa hiyo hata kama mtu atapata karatasi kutoka ofisi fulani mjini Juba, ofisa wa Nairobi, Entebbe, Addis Ababa au Cairo ana wajibu wake mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa, na wajibu huo hauondolewi na karatasi ya Juba. Shirika la ndege nalo linalijua hilo, na ndiyo maana jibu la kaunta huweza kuwa la kukataa hata kama boksi lina uzito wa kilo moja tu.

Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haubadilishi kitu?

Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2016. Tangu hapo, raia wengi wa Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo wanaofanya kazi Juba, kuanzia soko la Konyo Konyo hadi mahoteli ya kando ya Mto Nile, huona safari kati ya nchi hizi kuwa jambo la nyumbani. Ni rahisi mtu kudhani kwamba kilicho halali Kampala ni halali Juba.

Kwa risasi, sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya hiyo ya mwaka 2004 imeziweka silaha na risasi katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Maana yake ni kwamba haziwezi kuvuka mpaka wowote ndani ya Jumuiya bila kibali cha mamlaka husika, hata kama mbebaji ni raia wa nchi mwanachama na hata kama hakuna ushuru wa kulipa.

Zaidi ya hapo, Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa saini mwezi Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka nchi hizo zipige marufuku raia kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe na zile zinazofyatua mfululizo. Mwindaji aliyezoea bunduki ya namna hiyo huko Marekani hawezi kutarajia kuiingiza Afrika Mashariki, seuze risasi zake.

Na asiyepanda ndege, akachagua basi la kutoka Kampala kupitia Nimule, hajakwepa kitu. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa havitofautishi barabara na anga.

Kanuni iliyo kongwe kuliko ndege

Wapo wanaoona vizuizi hivi kuwa jambo la miaka ya karibuni. Historia inasema vingine. Tarehe 2 Julai 1890, wajumbe wa madola waliokutana Brussels kujadili biashara ya watumwa, Zanzibar ikiwa mmoja wa watia saini, walikubaliana kuzuia bunduki za kisasa, baruti na risasi kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 Kaskazini hadi ya 22 Kusini. Juba ya leo imo ndani ya eneo hilo.

Mkataba huo ulikuwa na msamaha kwa wasafiri: mtu angeweza kupita na silaha na risasi zake iwapo serikali yake ingetoa tamko la maandishi kwamba ni za kujilinda yeye mwenyewe tu. Mantiki yake ni ile ile inayotumika kwenye viwanja vya ndege hivi leo. Risasi huandikwa kwa jina la mtu, na mtu huyo hana ruhusa ya kumpa mwingine. Historia hiyo pia haina budi kusomwa kwa macho mawili, kwa kuwa madola hayo yaliwazuia Waafrika kupata silaha huku majeshi yao yenyewe yakiwa na silaha hizo hizo.

Miaka 20 baadaye, mwezi Februari 1910, aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifika Gondokoro, ng'ambo ya mto karibu na Juba, akitokea Nimule kwa miguu. Safari yake ilikuwa imeanzia Mombasa mwezi Aprili 1909, na katika safari nzima yeye pamoja na mwanawe waliua zaidi ya wanyama 500. Risasi zao zilibebwa na wapagazi. Leo hakuna jina kubwa linaloweza kupitisha boksi la risasi kwa njia hiyo hiyo bila karatasi.

Anayepita njia tu

Tuchukue mfano. Mtu anayeishi Ulaya amekwenda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuwinda kwa kibali. Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979, kisha ikaruhusu tena uwindaji wa kitalii kuanzia mwaka 2001 katika maeneo maalumu. Karatasi zake zote za Uganda ni sahihi. Amemaliza, na zimebaki risasi 12. Kabla ya kurudi Ulaya, anataka kupitia Juba siku tatu kuwasalimia shemeji zake, safari ya saa moja hivi kwa ndege kutoka Entebbe.

Kibali chake cha Uganda kilimruhusu kuingiza risasi Uganda na kuzitoa. Hakikumruhusu kuzipeleka Sudan Kusini. Akizipakia kwenye mzigo wa kwenda Juba, atakuwa amefanya hivyo kinyume cha vikwazo, hata kama hana nia ya kufungua boksi. Akimwachia dereva au rafiki wa Kampala, atakuwa amempa mtu risasi ambazo mtu huyo hana leseni nazo. Akizitupa, atakuwa ameziacha mahali ambapo mtoto anaweza kuziokota.

Lililo salama ni kuamua kabla. Kampuni iliyomwombea kibali inaweza kumweleza mapema namna risasi zinazobaki zinavyokabidhiwa kwa utaratibu wa polisi au kwa muuzaji mwenye leseni. Na safari ya Juba ifanyike kwa tiketi nyingine, na begi jingine, bila bunduki wala risasi.

Hata asiyetoka nje ya uwanja wa ndege hana budi kuuliza. Mzigo unaobadilishwa ndege Nairobi au Addis Ababa umeingia katika ardhi ya nchi hiyo, na nchi hiyo inaweza kudai idhini ya kupitisha. Safari ikichelewa hadi kesho yake, abiria hukabidhiwa mzigo wake, na hapo karatasi ya kupitisha haitoshi tena. Anahitaji ya kuingiza.

Risasi iliyosahaulika

Walio wengi miongoni mwa wasomaji wa makala haya hawawindi. Hata hivyo, wanaishi au wana ndugu katika mji ambako risasi ni kitu kinachoonekana. Maganda yake yameokotwa viwanjani baada ya mapigano na baada ya milio ya kusherehekea. Kuna anayechukua moja kama kumbukumbu, anayelifanya kidani cha mkufu, na mtoto anayelitia katika mfuko wa begi la baba yake.

Mashine ya ukaguzi huona umbo na madini, haioni nia. Ganda tupu na risasi nzima hufanana kwenye kioo, na abiria atazuiwa mpaka ibainike ni ipi. Ikiwa ni risasi nzima, katika nchi nyingi kosa ni kumiliki bila cheti, na kusahau si hati ya umiliki.

Tukio la visiwa vya Turks na Caicos, katika Bahari ya Karibi, lilionyesha jambo hilo kwa dunia nzima mwaka 2024. Watalii watano wa Marekani walikamatwa kwa nyakati tofauti wakiwa na risasi mizigoni, baadhi zikiwa zimebaki kutoka katika mawindo ya nyumbani. Walisema walisahau. Sheria ya visiwa hivyo iliweka kifungo kisichopungua miaka 12. Hatimaye mahakama iliona mazingira ya kipekee, nao wakaachiwa kwa faini na adhabu nyepesi, na mwezi Juni mwaka huo sheria ikarekebishwa ili kumpa hakimu uhuru zaidi. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekaa wiki au miezi mbali na familia zao, wakigharamia mawakili kwa ajili ya kitu kinachotosha katika kiganja.

Watalii hao walikuwa na serikali kubwa iliyowatetea. Fundi wa magari kutoka Eldoret au mama ntilie kutoka Arua huenda asiwe na mtetezi wa namna hiyo.

Kwa hiyo desturi moja inafaa kwa kila mtu: begi lolote lililowahi kubeba vifaa vya mawindo, vya ulinzi au vya jeshi, au lililoazimwa kwa mtu mwingine, limwagwe lote kabla ya kupakiwa. Mifuko ya ndani ipapaswe, na mishono ikaguliwe. Asikubali mtu kubeba furushi asilolifahamu. Na akiikuta risasi nyumbani, asiitie takatakani wala kuibeba kwenda nayo uwanjani, bali awaarifu polisi au viongozi wa mtaa. Akiigundua akiwa tayari uwanjani, ni heri aseme mwenyewe kabla ya begi kuingia mashineni kuliko kusubiri kuulizwa.

Mpangilio kwa anayewinda kihalali

Kwa anayekusudia kuwinda katika nchi inayoruhusu, kama Tanzania, ambayo ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, mpangilio ni huu. Kwanza, apate leseni ya kuwinda na kibali cha kuingiza silaha na risasi kutoka nchi hiyo, kwa kawaida kupitia kampuni yenye kitalu. Pili, aombe ruhusa ya maandishi ya kila nchi atakakobadilisha ndege, au achague njia isiyo na kituo. Tatu, achukue kibali cha kutoa silaha nje katika nchi anakoishi. Nne, apate idhini ya kila shirika la ndege, nayo iwe kwa maandishi. Tano, idadi ya risasi iwe ile ile katika karatasi zote. Tofauti ya risasi tatu inatosha kumlaza mtu kituoni. Wapo wawindaji wanaochagua njia fupi zaidi, nayo ni kukodi bunduki na kununua risasi kwa kampuni iliyoko huko huko, kwa kibali cha huko.

Kenya haimo katika mpangilio huo, kwani ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977.

Sudan Kusini yenyewe ina kila kinachowavuta wapenda wanyama. Mwezi Juni 2024, Rais Salva Kiir alitangaza mjini Juba matokeo ya hesabu iliyofanywa kutoka angani katika maeneo ya Boma, Badingilo na Jonglei. Ilikadiriwa kwamba wanyama wapatao milioni 6, wakiwemo kobu wenye masikio meupe, nyamera, tohe na swala wa Mongalla, huhama humo kila mwaka. Ni uhamaji mkubwa kuliko wowote unaojulikana wa wanyama wa nchi kavu. Tangazo hilo liliambatana na onyo kwamba biashara ya nyamapori inawatishia wanyama hao, na nyama hiyo hupatikana kwa bunduki ambazo risasi zake zilipita mahali fulani bila kibali.

Hapo ndipo kanuni ya New York na maisha ya kijiji cha Mongalla vinapokutana. Vikwazo viliwekwa kwa sababu ya watu waliokuwa wakiuawa, lakini boksi la risasi likishavuka mpaka, haliulizi kama litamwua kobu au binadamu. Mpaka Baraza la Usalama litakapoamua vinginevyo, anayekwenda Juba aende na picha za mawindo yake kama anazo. Risasi zibaki kule zilikoandikwa kwa jina lake.